Mtoto Mnene Anaposema Bado Ana Njaa



Jioni moja, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma ya wenziwe katika baraza ya madrasa, amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi. Alipoona watu wametawanyika, alinambia kwa sauti ya chini, "Maalim, nakuomba unisomee huyu mtoto. Ana shetani wa kula."

Nikamuuliza amemjuaje huyo shetani. Akaanza kunieleza, na mtoto akawa anatazama vidole vya miguu yake. Asubuhi ya siku ile alikula mahamri manne kwa vikombe viwili vya chai ya maziwa. Kabla ya saa nne alikuwa jikoni akidai chakula. Adhuhuri alikula sahani mbili za wali wa nazi, na alasiri haijaadhiniwa ameshakwenda dukani kutafuta krispi na soda. Babake amempiga kofi kwa ajili hiyo. Nduguze humwita Gunia. Mama mwenyewe amefikia kulitia kabati la chakula kufuli. "Na kila nikimkalisha kitako nikamuuliza, hunambia neno lilo hilo moja: Mama, bado nina njaa. Sasa Maalim, mtoto huyu anadanganya au ameingiliwa?"

Nilimsomea, kwani dua haimdhuru mtu. Lakini moyo wangu haukutulia, na sababu yake naiandika hapa ingawa hainipendezi. Wiki chache kabla ya siku hiyo, nilipokuwa nikisomesha adabu za kula, niliitaja ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inayolinganisha ulaji wa muumini na wa asiyeamini kwa hesabu ya tumbo moja na matumbo saba. Nilipofika hapo nikamtupia jicho mtoto huyu, darasa zima likageuka kumtazama, wakacheka. Nami nilitabasamu. Maulamaa wameieleza hadithi hiyo kwa njia kadhaa: wapo waliosema ilimhusu mtu maalumu aliyekuwa akila sana kabla ya kusilimu, na wapo walioiona kuwa ni mfano wa uroho wa kuitaka dunia. Sijamsoma hata mmoja aliyeifanya fimbo ya kumchapia mtoto.

Wiki ile nilimwendea daktari wa watoto, kijana wa jamaa zetu, nikamsimulia kisa chote. Akanijibu, "Ami, kabla hujauliza mtoto ana nini, uliza amekula nini." Niliyoyapata kwake, na niliyoyasoma baadaye kwa kufuatilia, ndiyo ninayowaandikia leo, hasa akina mama, kwa kuwa nadhani nyumba zenye mtoto kama huyu si chache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito duniani walikuwa zaidi ya milioni 390, na milioni 160 kati yao wana unene wa kupita kiasi. Zamani tuliyaona hayo kuwa maradhi ya nchi za wenzetu. Leo tazama foleni ya watoto wanaotoka chuoni au skuli, utajijibu mwenyewe.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kuwa njaa si utupu wa tumbo peke yake. Njaa ni habari inayofika kwenye ubongo, na wanaoipeleka habari hiyo ni homoni, yaani kemikali za kiasi kidogo sana zinazotolewa na viungo mbalimbali na kusafiri katika damu. Tumbo lina mjumbe wake, utumbo una wajumbe wake, na hata mafuta ya mwili yana wake.

Huyu mjumbe wa mafuta aligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Walimwita leptini, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ya mwili ipo, kwa hiyo hamu ya chakula na ipungue. Miaka mitatu baadaye, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistan. Msichana alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Binamu yake mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Tangu uchanga wao walikuwa na njaa isiyokatika. Damu zao zilipopimwa, leptini ilikuwa chache mno, kwa sababu ya hitilafu ya kurithi. Msichana alipodungwa sindano za leptini kila siku, hamu yake ya chakula ilitulia, na kwa muda wa mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16.

Maradhi hayo ni nadra mno, na sikuyataja ili mama yeyote adhani mwanawe anayo. Nimeyataja kwa kuwa yanakata shauri la kale. Watoto wale hawakukosa adabu wala malezi. Waliposema wana njaa, walisema kweli, na ukweli huo ulikuwa ndani ya damu yao. Aghalabu ya watoto wanene hali zao ni kinyume: leptini wanayo, tena nyingi kupita ya wenzao wembamba, ila ubongo umekuwa mzito kuisikia, mfano wa mtu anayeishi ubavuni mwa mashine ya kusaga unga, ambaye baada ya miaka hasikii tena mngurumo wake.

Mjumbe wa tumbo naye aligunduliwa mwaka 1999 na Wajapani wawili, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, pamoja na wenzao. Huyu ni ghrelini. Hupanda kabla ya wakati wa kula na kuuambia ubongo: tafuta chakula. Mtu akishakula, hushuka. Halafu wapo wajumbe wa shibe. Mmoja huitwa kolesistokinini, hutoka mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Wengine wawili hujulikana kwa herufi, PYY na GLP-1, na hutoka zaidi sehemu za mwisho za utumbo, kule chakula kinakofika baada ya safari. Hawa ndio wanaosema: yatosha. Na hawafiki mara moja. Huchukua muda wa dakika kumi na tano, ishirini, na zaidi, ndipo sauti yao isikike vizuri.

Sasa kwa mtoto mwenye unene wa kupita kiasi, wataalamu wameona jambo la ajabu kidogo. Ghrelini yake, kabla hajala, huwa chini kuliko ya mtoto mwembamba. Ungetarajia basi asiwe na njaa kubwa. Lakini baada ya kula, ghrelini hiyo haishuki kwa kiasi inavyoshuka kwa mwenzake, na PYY, mjumbe wa shibe, aghalabu huwa ni chache. Ndiyo kusema tofauti kati yake alipokuwa na njaa na alipokwisha kula ni ndogo. Mwenzake ameondoka mkekani ameridhika, yeye bado anasikia kitu kikimwita. Hapo neno la yule mtoto, bado nina njaa, lilinirudia masikioni.

Hapa ndipo swali la daktari lilipopata maana yake, kwani wajumbe hawa hawaangalii wingi wa chakula tu, huangalia na aina yake. Chukua mlo wa unga mweupe na sukari. Husagika haraka, sukari yake humiminika katika damu, kongosho hutoa insulini nyingi ili kuiondoa, na baada ya saa chache sukari ya damu huwa imeshuka, pengine chini kuliko ilivyoanza. Ghrelini nayo, iliyoshuka kwa haraka, hurudi kupanda. Mlo wenye protini ya kutosha na nyuzinyuzi hufanya kinyume. Chakula hukaa tumboni zaidi, hufika polepole kwenye utumbo, wajumbe wa shibe hutoka kwa wingi na kuendelea kutoka. Mwaka 2009 huko Marekani walipimwa watoto wa miaka 7 hadi 11, wanene na wa uzito wa kawaida, kwa milo tofauti. Baada ya mlo uliojaa wanga, ghrelini ilishuka kisha ikapanda tena. Baada ya mlo uliojaa protini ilishuka polepole na haikupanda tena katika saa walizoendelea kuwapima. Mafuta yana hukumu yake: huchelewesha chakula tumboni na kumwamsha kolesistokinini, lakini hayaishushi ghrelini vizuri, na kila gramu yake ina nguvu maradufu ya wanga na zaidi. Kwa hiyo kitu kilichokaangwa si dawa ya shibe hata kama kinashikilia tumbo.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Boston, uliochapishwa mwaka 1999. Vijana wa kiume 12, wote wanene, walipewa kwa siku tofauti milo ya aina tatu yenye nguvu sawasawa. Mmoja ulikuwa wa mayai ya kukaanga na mboga pamoja na matunda. Wa pili ulikuwa uji wa shayiri ya Kizungu iliyokatwakatwa tu, punje zake bado zimeshikana. Wa tatu ulikuwa uji wa nafaka hiyo hiyo, ila ule uliosindikwa kiwandani ili uive upesi. Walikula mlo wa namna moja asubuhi na mchana, kisha wakawekewa vyakula tele, wale watakavyo, bila ya kuzuiwa. Siku ya uji wa kiwandani, vijana walewale walikula kwa hiari yao asilimia 53 zaidi ya siku ya uji wa punje, na asilimia 81 zaidi ya siku ya mayai na mboga.

Tafadhali msomaji, rudia kuyasoma hayo. Ni vijana walewale, na nguvu iliyomo katika milo ilikuwa sawa. Hakuna aliyehubiriwa katikati ya siku kuhusu kujizuia. Kilichobadilika ni sahani ya asubuhi, na jioni mtu yuleyule angeweza kuitwa mwenye kiasi au mlafi. Vijana 12 si umma, najua, wala utafiti mmoja si hukumu ya mwisho. Lakini kwa mwalimu ambaye alikuwa amemcheka mtoto, ulitosha.

Basi turudi kwetu. Chai ya asubuhi ya Mswahili, tangu tulipopata akili, ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Wakubwa wetu hawakumjua Kojima wala ghrelini, lakini walipanga vitu viwili vinavyofaana. Hamri ni ngano nyeupe, sukari, tui, hiliki, na mafuta ya kukaangia. Mbaazi zina nyuzinyuzi, na katika gramu 100 za mbaazi kavu mna zaidi ya gramu 20 za protini. Mbaazi ndizo zilizokuwa zikiishika breki hamri. Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa mahodari wa lishe; sukari waliipenda, na samli pia, ila walitwanga, walichota maji, walipiga makasia. Lakini tazama tulichokifanya sisi. Tumeziacha mbaazi kwa ajili ya Jumapili na wageni, kwa kuwa ni kazi kuzichemsha na makaa ni ghali, na tumembakishia mtoto mahamri na chai ya sukari. Yaani tumeutoa ule upande uliokuwa ukimshibisha, kisha tunamlaumu hashibi.

Kwa hivyo kwa mama anayeniuliza aanze wapi, mimi humwambia aanze na mbaazi. Zirowekwe usiku, zichemshwe nyingi kwa mara moja, zigawanywe kwa siku tatu ikiwa kuna friji. Tui liwe jepesi, zile maji ya pili zatosha na kuku la kwanza likatiwa kidogo tu mwishoni kwa ladha. Mtoto aanze na bakuli la mbaazi, ndipo ale hamri moja, na la pili akilihitaji. Siku nyingine yai, au kunde, au maharagwe, au samaki wa jana. Chapati ikipikwa kwa unga wa atta ni afadhali kuliko ya unga mweupe. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kimoja, ikae hivyo wiki mbili, kisha ipunguzwe tena. Ulimi wa mtoto huzoea upesi kuliko wa babake. Na uji wa wimbi ni mzuri, maadamu haujageuzwa kuwa sharubati ya sukari.

Kuna mama alinipinga kwa haki. Alisema, "Sheikh, protini ni nyama na kuku, na sisi twaipata wapi kila siku?" Hapana, mamangu. Mbaazi, kunde, pojo, maharagwe, dagaa, na hawa samaki wadogo wanaouzwa kwa fungu, vyote hivyo ni protini, na ukipiga hesabu ya soda, krispi na viazi vya karai ambavyo mtoto hununua kwa wiki, huenda fungu la dagaa limo humo.

Adhuhuri tatizo letu ni mlima wa wali. Katika sinia wali ni kama kisiwa cha mchanga, na samaki amewekwa kileleni kama bendera. Mtoto akipewa sahani yake, nusu yake na iwe mboga, mchicha, bamia, kisamvu, mtoriro au kachumbari, robo iwe samaki au kunde, na robo iliyobaki ndiyo wali. Nao mpangilio wa kula una athari yake. Mwaka 2015 huko New York, wagonjwa 11 wa kisukari, watu wazima, walipewa chakula kilekile siku mbili tofauti. Siku moja walianza na wanga, siku nyingine wakaanza na kuku na mboga na kumaliza na wanga. Siku ya pili sukari ya damu, baada ya saa moja, ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Hao hawakuwa watoto, wala hawakupimwa kwa ajili ya unene. Lakini kumwambia mtoto aanze na samaki na mboga kabla ya wali hakugharimu senti, na sijaona madhara yake.

Kula pamoja katika sinia moja ni baraka, na siwezi kamwe kushauri tuiache. Ila mtoto anayekula na wanaume wenye haraka ya kurudi kazini hujifunza kumeza, na nimekwisha sema kuwa wajumbe wa shibe huchukua muda kufika. Hapa tuna somo kutoka kwa Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bibi Umm Salama (r.a.), aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Alikuwa mdogo, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume alimfundisha mambo matatu kwa maneno machache: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Basi. Hakumpa jina la kumcheka, wala hakumwinua mbele ya watu. Na huyo Umar akasimulia baadaye kwamba tangu siku ile huo ndio uliokuwa ulaji wake. Mimi nimeisomesha hadithi hiyo miaka mingi, nikitilia mkazo mkono wa kulia. Upole uliomo ndani yake niliupita kama mtu anayepita nyumba aliyoizoea.

Vinywaji nitavitaja kwa ufupi kwa sababu habari yake ni nyepesi. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, yaani zaidi ya vijiko kumi vya chai, na tumbo haliihesabu kama chakula. Mtoto akiinywa, hatapunguza hata tonge la wali. Sehemu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo haiamshi insulini na leptini wala kuishusha ghrelini kama ifanyavyo glukosi. Juisi za pakiti ziko karibu na hapo. Maji ya kunywa, au ukwaju uliotiwa sukari kidogo, yamtosha. Na kwa tunda, ni vyema tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alionekana akila tende mbivu pamoja na matango, tamu iliyoungana na kitu chenye maji na nyuzinyuzi. Siidai hadithi hiyo kuwa ni somo la homoni. Kuna wenzetu wanaolazimisha kila ugunduzi uwe umetajwa, na mimi si miongoni mwao.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga. Tunamzoesha kwa kadiri ya uwezo wake. Kumfungisha mtoto mnene kwa nia ya kumpunguza uzito ni kosa, kwani saumu ni ibada, na isitoshe, njia hiyo humfikisha Magharibi akiwa na ghrelini iliyopanda kileleni mbele ya sinia la kaimati zilizorowa shira, viazi vya karai, tambi za sukari, mkate wa sinia na vimto. Hapo hata mtu mzima hujisahau. Sunna ya futari, tende chache na maji, kisha sala ya Magharibi, ndipo chakula, imetuwekea ule muda ambao mwili unauhitaji. Tatizo ni kuwa wengi wetu tumeigeuza: tunakula sinia zima kwa adhana moja, tunakwenda kuswali tukihema. Baada ya sala mtoto aanze na supu, kunde au samaki, na kaimati zije mwisho, mbili tatu, si bakuli. Daku nayo, badala ya tambi na chai, iwe na yai au maharagwe.

Tena katika mwezi huo watoto hukesha. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya saa nne tu kwa siku mbili. Leptini yao ilishuka kwa asilimia 18 na ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea vitamu na vya wanga. Mtoto aliyekesha akizurura mpaka daku, ukimwona mchana akitafuta vitamu, usishangae.

Kuna mambo ambayo sahani peke yake haiyatoshi, na yapaswa kufikishwa hospitali bila ya kuchelewa: mtoto aliyekuwa na njaa isiyokatika tangu uchanga, mtoto anayenenepa huku urefu wake umesimama, anayekoroma na kukatikakatika pumzi usingizini, mwenye kiu kali na kwenda haja ndogo mara kwa mara, mwenye weusi wa ngozi uliokoza shingoni na kwapani. Wala mtoto asinyimwe chakula. Mwili wake unakua, na mara nyingi daktari hataki apungue kilo, hutaka uzito usimame mahali pake ili urefu umfikie. Na zile sindano mpya za kupunguza unene, zinazoigiza ile homoni ya GLP-1, ambazo watu wanaulizana habari zake katika simu, ni dawa za daktari. Zisinunuliwe kwa mtu, na kwa mtoto ndiyo kabisa.

La mwisho ni ndimi zetu. Sisi watu wa Pwani humsifu mtoto mnene akiwa mchanga, tukasema mashallah amejaa, na bibi yake akamwongezea tonge kwa mapenzi. Akifika miaka minane, mapenzi yaleyale hugeuka kuwa Gunia, Bonge, Tipwatipwa. Suratul Hujurat imekataza kuitana kwa majina ya kejeli, na haikuwatoa watoto katika katazo hilo. Mtoto anayechekwa hujificha ale peke yake, na chakula cha kujificha huwa ni kile cha pakiti, kwani mbaazi hazifichiki mfukoni.

Yule mama alirudi baada ya mwezi na kidogo. Mtoto hakuwa amekonda, wala sikutarajia. Lakini kufuli la kabati limeondoka, na saa nne ya asubuhi haji tena jikoni. Huja karibu na saa sita, kama watoto wengine. Babake alikuwa mgumu mwanzoni, akisema mbaazi kila siku ni chakula cha wagonjwa, kisha akawa anazila kabla ya mtoto.

Mimi nilikuwa na deni langu. Jumamosi iliyofuata niliirudia darsa ya adabu za kula, nikasoma ile hadithi ya Umar bin Abi Salama, kisha mbele ya darasa lilelile lililocheka nikamwomba yule mtoto radhi, nikawaambia wenziwe kwamba aliyekosa ni mwalimu. Walinyamaza wote. Yeye alinitazama kidogo, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kunywa maji.